Kabini ya lori lisilo na magurudumu

Kuna mwanamke mmoja ambaye mpaka leo nikisikia kicheko chake sokoni, jino linaniuma. Hakunikosea kitu. Hakuninyang'anya mume, maana wakati ule sikuwa naye, wala hakuniingilia shamba. Alimchukua mdogo wangu wa mwisho akamfanya awe mtu wa kusoma vitabu, kazi ambayo mimi nilikuwa nimeshaianza kabla yake, kwa jasho, na diploma ya ualimu juu.

Ilikuwa miaka ya vita, huku kwetu mashariki mwa Kongo. Butembo ilikuwa mikononi mwa waasi, na barabara ya kushuka Beni ilifungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo cha shule. Mama yetu aliishi Beni. Alipoona vijana wa mtaa wake wanapandishwa kwenye magari, wengine wakarudi wamevaa magwanda yanayowafika magotini na wengine wasirudi kabisa, alimleta mdogo wangu kwangu Butembo yeye mwenyewe, wamekaa juu ya magunia ya mchele. Hata maji hakuomba kwanza.

"Huyu mutoto asiguse bunduki," aliniambia mlangoni, kidole kimeinuliwa. "Miye siko naomba asome sana, siko naomba akuwe padiri. Bunduki tu, asiiguse. Umesikia?"

Nilisikia. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yake, miguu mirefu, sauti imeanza kukatika, yaani umri ule ule ambao wenye bunduki waliupenda. Nilimpokea kama mtu anayepokea sahani ya watu.

Dawa niliyoijua ni kitabu. Nilifundisha Kifaransa katika shule moja ya sekondari, na niliamini kwamba kijana mwenye kitabu mkononi hana mkono mwingine wa kushika balaa. Nilikuwa na sanduku la bati lenye kufuli, ndani yake riwaya zangu chache nilizozifunika magazeti zisichakae. Kila siku baada ya bugali na maharage nilifungua kufuli, nikamwambia anawe mikono kwa sabuni, nikamketisha mezani. Alisoma ukurasa kwa sauti, nami nikamrekebisha matamshi. Kisha nilifunga kitabu, nikamtazama usoni na kuuliza, "Umeelewa nini?"

"Nimeelewa, yaya," alisema, yaani dada mkubwa.

"Nini?"

"Yote."

Basi hapo nilikuwa namrudisha ukurasa wa kwanza. Sikuwa na ubaya. Ndivyo masista walivyonifundisha mimi, nami nilipona, nikapenda vitabu. Lakini yeye alianza kukaa mezani kama mtu aliyeitwa polisi, na jicho lake lilikuwa dirishani muda wote.

Halafu akaanza kupotea. Shule ikiisha hakuja nyumbani. Alirudi jua likielekea kuzama, amechangamka, ananuka mazuti, yaani dizeli. Hiyo harufu ilinikata maini. Mjini kwetu wakati ule, magari yaliyokuwa yakitembea kila siku yalikuwa ya askari. Nilimuuliza ametoka wapi, akasema "kwa barafiki." Nilimnusa shati alipolala, nikakaa kitandani nikimuona mama yangu mlangoni na kidole chake.

Siku moja niliwapa wanafunzi wangu kazi ya kuandika, nikamwomba mwenzangu awasimamie, nikamfuata mdogo wangu alipotoka shuleni kwake. Alipita kwa wauza mbao, akateremka bondeni penye mikaratusi, akaingia kwenye parseli, kiwanja chenye ukuta wa matofali. Nikachungulia langoni.

Kulikuwa na lori. Lilikuwa limekaa juu ya mawe, halina gurudumu hata moja. Watu wa Butembo hawakuhitaji kuelezwa jambo kama hilo. Jeshi lolote lililoingia mjini lilichukua magari ya wafanyabiashara kubebea watu wake, kwa hiyo mwenye akili aling'oa magurudumu akayaficha kwa ndugu, moja huku, jingine kule, akaliacha lori limekaa kama kuku anayeatamia. Na ndani ya kabini, nyuma ya usukani, alikuwa mdogo wangu. Kitabu kilikuwa kimeegemezwa kwenye usukani. Kando yake aliketi rafiki yake, mtoto wa mama muuza mikate, miguu juu ya dashibodi. Mdogo wangu alisoma Kifaransa, akageuza kwa Kiswahili, akasoma tena, na wote wawili wakacheka mpaka kabini ikatikisika.

Ningepaswa kupiga magoti pale pale nimshukuru Mungu. Hakuwa kwa askari. Alikuwa anasoma. Kitu nilichokiomba kwa rozari nilikuwa nakiona kwa macho. Lakini nilichokisikia mwilini hakikuwa shukrani. Kilikuwa wivu, umepanda kutoka tumboni mpaka masikioni, kwa sababu mezani kwangu yule mtoto hakuwahi kucheka hata siku moja.

"Eh, Madame! Karibu!" Sauti ilitoka jikoni. "Umekuya kupanda? Leo nafasi imejaa, urudie kesho."

Ndiye yeye. Mwanamke mnene, kitenge kipya, kitambaa kichwani kimefungwa kwa mikogo, mikono imejaa unga. Alikuwa Mwislamu wa Beni, mke wa msafirishaji. Barabara ilipofungwa mumewe alikwama chini Beni, yeye akabaki huku na lori na mzigo. Sehemu ya mzigo huo ilikuwa katoni za vitabu vya padri mmoja wa Lubero, ambaye alimtumia neno kwamba wakivisoma ni afadhali kuliko panya kuvila. Haya yote alinieleza bila kuulizwa, anakanda chapati.

"Na nani alikuambia uwafundishe watoto kusoma?" niliuliza. Nilijaribu kuifanya sauti iwe tamu, ikakataa.

"Kufundisha?" Akacheka hiki kicheko ninachowaambia. "Miye? Mais Madame, miye niko nalinda batterie yangu! Lori ikikaa bila mutu, bezi banakuya, banatoa batterie, banatoa miroa, banatoa mpaka siege. Donc naweka mutoto mu kabini. Mutoto akikaa bure analala. Njo nikabapatia vitabu, juu basilale."

Wezi wasimng'olee betri, vioo na viti, na mlinzi asilale: hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote. Mimi nilisoma saikolojia ya vijana miaka mizima; yeye alikuwa na betri.

Sheria zake alizitoa kwa mumewe, yaani barabarani. Kitabu kilikuwa kimoja kwa wote mpaka kiishe, na kila kijana alikuwa na zamu yake ya kukiendesha. Dereva alikuwa na konvoyeri wake, yaani utingo, wa kumsikiliza. Hakuna dereva aliyeruhusiwa kutoka kwenye kiti kabla mwenzake hajafika, na kabla ya kushuka ilikuwa lazima amwambie anayepanda safari imefika wapi, nani amepanda, nani ameshuka, tope liko wapi. Madereva wa kweli hupokezana gari namna hiyo. Aliyesimulia vibaya alimkwamisha mwenzake, na wote walimcheka. Yule mama naye alisikiliza kutoka jikoni, na hadithi isipoeleweka alipaza sauti: "Eh! Rudia pale! Ule mugeni alitoka wapi?"

Mgeni huyo alikuwa wa kitabu walichokuwa nacho wakati huo. Kilikuwa kisa cha bibi kizee mwenye nyumba ya wasafiri juu ya mlima wenye theluji, na mgeni aliyefika na nyumbu wa mizigo, amebeba mfuko ambao hakutaka uguswe. Mtaa mzima wa vijana ulikuwa unabishana juu ya mfuko huo. Wengine walisema dhahabu, wengine bunduki, na msichana mmoja wa darasa langu, mpole kanisani, alishikilia kwamba ni kichwa cha mtu. Nilijua kwa sababu walibishana darasani kwangu, mgongo wangu ukiwa umegeukia ubao. Nilipowapa ukurasa wa kusoma walihema kama punda. Kengele ikilia walikimbilia bondeni kukimbizana na zamu.

Niliamua kupigana. Nilinunua sukari, ambayo haikuwa rahisi kupatikana, nikatia ya kutosha kwenye chai. Niliacha sanduku wazi, kufuli limelala juu kama salamu ya amani. Nilitoa kiti changu kizuri nikakiweka dirishani penye mwanga. Mdogo wangu alikunywa chai, akashukuru, akaketi dirishani, akafungua kitabu changu bora kuliko vyote. Nilijizuia nisiseme neno. Nilifua, nikapepeta maharage, nikazunguka zunguka. Hatimaye ulimi wangu ulinishinda.

"Umeelewa nini?"

Alifunga kitabu polepole. "Yaya, kwako kila kitu ni mutihani," alisema. Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kutafuta kasoro. Niliwaambia walimu wenzangu kwamba yule mama anawachosha watoto wa watu bure, na kwamba tafsiri zao ni za ovyo. Hilo la pili lilikuwa kweli: "mhudumu" walimfanya "mwanajeshi," na sura nzima walidhani nyumba ya bibi ni ngome ya jeshi. Nilifurahi kugundua kosa lile kuliko inavyomfaa mtu mzima. Nilingoja wanaswe. Walijinasua wenyewe, wakacheka, wakaendelea.

Basi ikaja alasiri moja ya ukungu. Nilikuwa nimerudi kutoka shuleni, nikakuta nyumba haina mtu, kiti dirishani kitupu, na wivu ukanipanda kuliko siku zote. Nikavaa kandambili, nikashuka bondeni kumtoa. Niliwaza maneno njiani. Nilitaka yule mama ayasikie.

Mdogo wangu alikuwa kwenye usukani, peke yake. Konvoyeri wake wa siku hiyo alikuwa ameitwa na baba yake. "Shuka," nilimwambia. "Twende nyumbani sasa hivi."

"Nitashuka, yaya, mais remplaçant wa kunipokea hayafika bado."

"Shuka, nimesema."

"Dereva hatokake mbele ya mwenzake kufika." Alisema hivyo akinitazama usoni, mikono miwili juu ya usukani wa gari lisiloenda popote. "Ni zamu yake, mutoto ya mikate. Atakuya sasa ivi. Nimupatie njia, kisha twende."

Nilipanda ngazi ya kabini nikamshika mkono, nikavuta. Alishika usukani, nami nikavuta. Mama mwenye lori alitoka jikoni, akajifuta mikono, na kwa mara ya kwanza hakucheka. "Madame, umuache amalize. Ni sheria." Sheria! Kwa mtoto wa mama yangu! Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki hapa. Kisha nikakaa kwenye kiti cha konvoyeri, nimekunja mikono, nimevimba, nikasema tutamngoja huyo bwana mkubwa wa mikate, na akifika atanisikia.

Tulingoja. Mdogo wangu alirudi kwenye kitabu chake. Mgeni wa mlimani alikuwa amekaa mbele ya moto, ameanza kufungua kamba ya mfuko. Pale ndipo zamu ya mdogo wangu ilipokoma, na ya mwenzake ilipaswa kuanza. Mwenzake hakuja. Ukungu uliteremka mpaka kwenye mikaratusi. Mdogo wangu alitazama lango, akatazama kitabu. "Siwezi kuiacha barabarani," alisema, akageuza ukurasa, akaendelea kusoma zamu isiyo yake.

Tulisikia kelele za wanawake upande wa uwanja wa mpira. Kisha msichana mmoja akaingia langoni anakimbia, kiatu kimoja mkononi. Gari la askari lilikuwa limesimama uwanjani. Walikuwa wamewaita vijana waliokuwa wakipita, wakawaahidi viatu vya mpira, kisha waliosita wakavutwa. Mtoto wa mikate alikuwa akikatisha uwanja kuja kwenye zamu yake. Kuna waliosema alibebwa, kuna waliosema alipanda mwenyewe. Mama yake alilifuata gari lile mpaka kwenye kizuizi cha barabarani, na beseni la mikate bado kichwani.

Njia ya kwenda kwangu kutoka kwa mama wa lori ilipita kando ya uwanja ule ule. Kama mdogo wangu angenitii niliposema shuka, tungekuwa tunapita pale. Niliielewa hesabu hiyo nikiwa kwenye kiti cha konvoyeri, na mkono wake nimeushika tena, safari hii bila kuvuta. Mama yetu alinipa mimi mtoto nimlinde. Aliyemlinda ni hofu ya mwanamke mmoja kuibiwa betri. Nililia, na ndani ya kilio kile, Mungu anajua, wivu ulikuwamo. Hata hilo la kumlinda lilikuwa lake.

Nilidhani vijana wataacha. Hawakuacha. Kwa siku kadhaa kabini ilikuwa tupu, wazazi wamefungia watoto ndani, kisha mmoja mmoja wakarudi, wakipita njia ya juu. Yule mama akaondoa konvoyeri mmoja, akaweka wawili, ili asiwepo wa kutembea peke yake. Mdogo wangu hakukosa zamu hata akiwa na malaria. Nilipomuuliza kwa nini anajitesa, alisema anaweka njia kichwani, sura kwa sura, maana siku mwenzake wa mikate akirudi kutoka msituni atahitaji kujua safari imefika wapi. Alisoma kitabu kile, akasoma kilichofuata, na kingine, na vyote alivihifadhi kwa ajili ya mtu aliyeko msituni. Nikamuonea wivu na yule naye. Ndiyo, nimeandika hivyo. Mtoto wa watu yuko msituni na bunduki, na mimi namuonea wivu kwa sababu mdogo wangu alikuwa akimsomea yeye.

Barabara ilipofunguka vizuri, mume wa yule mama alipanda kutoka Beni, magurudumu yakakusanywa kutoka kwa ndugu, na lori likashuka mawe likiguna. Mtaa mzima tulitoka kutazama. Yule mama alikumbatia vijana wote, akanikumbatia na mimi, nikakaa kama gogo. Vitabu vilivyobaki, kwa ruhusa ya padri wa Lubero, aliviacha Butembo. Lakini hakuniachia mimi, mwalimu. Alimwachia mdogo wangu.

Ni yeye aliyeweka katoni sebuleni kwangu, akapanga viti viwili mbele na benchi nyuma, na vijana wakaanza kuja kwangu mchana baada ya shule. Nilipewa nafasi kwenye benchi, nyuma kabisa, pale wanapokaa abiria wasiolipa. Niliipokea. Niliuma ulimi kila siku, nikapepeta maharage yangu, nikasikiliza. Kuna mambo ya Kifaransa walinijia kuniuliza, machache. Nilijibu na kunyamaza.

Vita ilipoanza kutulia, vijana wengine wakaanza kutolewa msituni. Tulikuwa tumeshuka Beni kwa mama, mimi na mdogo wangu, ambaye sasa alikuwa na ndevu, tuliposikia kwamba mtoto wa mikate ameletwa, yuko upande wa Mavivi, nje kidogo ya mji, anangoja gari la kumpandisha kwao. Mdogo wangu alichukua pikipiki akaenda kumleta. Yule mama wa lori alikuwa amerudi kuishi Beni, lakini siku hiyo alikuwa safarini Kampala kununua mali. Mama yangu alikuwa ametoka. Nyumbani nilikuwa mimi tu, na birika.

Alikuwa amekonda, ana kovu shingoni, na alichagua kiti ambacho mgongo wake ungeegemea ukuta. Niliwaletea chai. Nilidhani wataongelea msitu. Alikoroga sukari kwa muda mrefu, kisha akamuuliza mdogo wangu, bila kumtazama:

"Mu ile mufuko mulikuwaka nini?"

Mdogo wangu hakuuliza mfuko gani. Aliweka kikombe chini, akamkabidhi njia kama ilivyokuwa sheria, kuanzia kamba ilipofunguliwa mbele ya moto. Alimwambia bibi alifanya nini, nyumbu alikuwa wapi, theluji ilikuwa imefika dirisha gani. Nilisimama nyuma ya pazia la mlango na sinia mkononi. Alisimulia vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kumsikia, na kila neno lilikuwa la kule kabini, la yule mwanamke, hakuna hata moja langu.

"Kisha akatoa viazi," alimaliza. "Mbegu ya viazi. Kwabo njaa ilimaliza yote, akatembea mulima muzima kutafuta fasi ya kupanda."

"Viazi?" Mtoto wa mikate alimtazama sasa, macho wazi. "Miye nimewaza ile mufuko mu pori muaka na muaka. Nalala naiwaza. Natembea naiwaza. Na ni viazi? Sawa na viazi vyetu vya Lubero?"

"Sawa na vya Lubero."

Alianza kucheka, na katikati ya kicheko akafunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakawa yanatikisika, na haikujulikana tena kama bado anacheka. Mdogo wangu alimngoja. Hakumgusa, hakumbembeleza. Alingoja mpaka mikono ikashuka, akamsogezea chai, akamwinamia kidogo na kumuuliza kwa upole:

"Umeelewa nini?"

Mwenzake alipangusa macho. "Unasema sawa na yaya yako," alisema.

"Ndiyo vile," mdogo wangu akajibu.

Swali hilo lilikuwa langu. Na nilitamani, nilitamani sana, yule mwanamke asiwe Kampala siku hiyo, awe amesimama hapa karibu yangu nyuma ya pazia, asikie.